Doa la mgomba, somo la rangi: kikapu cha mkonge kisichochuja

Mvua ya vuli ikimkuta mama njiani akitoka gulioni, kinachoharibika kwanza mara nyingi huwa ni gauni lake. Kikapu chekundu kilicholowa kikikaa ubavuni kwa robo saa, huacha mchirizi wa waridi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Na kama ndani yake kulikuwa na shati jeupe la mtoto wa shule, shati hilo Jumatatu halivaliki.

Hasara haiishii kwa mnunuzi. Msukaji aliyesokota kamba pajani kwa siku kadhaa, akasuka, akafunga mikono ya kikapu kwa ustadi, humpoteza mteja ambaye hatarudi na atawasimulia majirani. Kazi ilikuwa nzuri. Rangi ndiyo iliyomwangusha.

Nyumbani kwa mama huyo huyo, kwenye kamba ya kuanikia, huenda kuna nguo nyingine yenye kisa tofauti. Ni fulana ya mtoto aliyekwenda kukata mkungu wa ndizi, akarudi na madoa ya utomvu. Yalipoingia hayakuonekana. Siku ya pili yakawa ya kahawia. Yamefuliwa kwa sabuni ya mche, yamelowekwa kwa dawa ya kung'arishia, yamesuguliwa kwa jiwe, na bado yapo. Maji ya bibo la korosho hufanya vivyo hivyo.

Kwa nini rangi iliyonunuliwa kwa fedha itoke kwa manyunyu, na utomvu ambao hakuna aliyeuita ugande kwa miaka? Anayelijua jibu la swali hilo amejifunza nusu ya kazi ya kutia rangi kwa mimea. Na jibu hilo lina faida katika wilaya za Handeni na Korogwe, ambako malighafi imejaa mashambani.

Nchi ya singa nyeupe

Ukifika Segera, barabara inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Hale, Muheza na Tanga mjini. Mwingine unapanda Korogwe, Mombo na kuendelea kaskazini. Kote huko safu za mkonge zinakufuata. Upande wa Handeni nao una mashamba yake, kama yale ya Kabuku. Karibu na korona, ile mashine ya kuchakata majani, singa huanikwa juani zikiwa nyeupe kwa mbali kama nywele za wazee.

Mkonge si mmea wa asili ya hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitunguu vya mkonge elfu moja kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na vilivyofika hai na kupandwa karibu na Pangani vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 kilikua kilimo ambacho mwaka 1964 kilitoa tani zipatazo 230,000 za singa. Baadaye kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka vichaka kabla ya juhudi za miaka ya karibuni za kuyafufua, wakiwemo wakulima wadogo.

Jani la mkonge ni bahili. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, singa kavu hazifiki hata kilo 5. Sehemu kubwa ya singa hizo huuzwa zikiwa ghafi, na thamani yake huongezwa kwingine. Kikapu, zulia dogo, mkoba au kitambaa cha mezani ni njia ya kaya kubaki na sehemu ya thamani hiyo. Lakini soko la vikapu halinunui weupe mtupu. Linataka rangi, na linataka rangi ikae.

Kinachofanya rangi ishike

Katika utomvu wa mgomba, maji ya korosho, majani ya chai na magome ya miti mingi kuna kemikali iitwayo tanini. Ndiyo inayokausha ulimi mtu anapotafuna bibo au kunywa chai ya rangi iliyokolea. Mmea huitumia kujilinda dhidi ya wadudu, ukungu na wanyama wanaoula. Ikigusa uzi wa pamba au singa, tanini hushikamana nao, na ikikutana na hewa hukolea. Kwa hiyo doa la mgomba ni kazi ya rangi iliyofanyika bila kukusudiwa.

Singa za mkonge, kama pamba, zimejengwa kwa selulosi, ambayo haipokei kila rangi. Sufu ya kondoo hupokea rangi za mimea kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana mtu anayechemsha maua mekundu na kutumbukiza singa humo hupata matokeo ya kuvutia kwa siku mbili, kisha rangi inaondoka. Singa zinahitaji kuandaliwa: kwanza tanini, halafu madini ya kuifunga rangi, na rangi yenyewe ije mwisho. Madini yanayofaa nyumbani ni shabu, yale mawe meupe yanayouzwa sokoni na ambayo watu wengi huyajua kwa kutuliza maji machafu. Shabu husimama kati ya uzi na rangi kama mshenga, ikishika huku na huku.

Na rangi ya unga ya dukani? Si haki kuilaumu yote. Zipo rangi za kiwandani zinazoshika vizuri kuliko mmea wowote. Tatizo ni kwamba inayouzwa kwa kupimwa kijiko, ndani ya karatasi isiyo na maandishi, inaweza kuwa imetengenezwa kwa ajili ya sufu, karatasi au ngozi. Msukaji hajui, muuzaji hajui. Inapakwa, inang'aa, inachuja.

Lipo pia suala la mikono. Baadhi ya rangi za kiwandani za jamii ya azo huweza kuachia kemikali zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2002 katika nguo na bidhaa za ngozi zinazogusana na mwili kwa muda mrefu. Msukaji anayetumbukiza mikono mitupu kwenye karai la rangi asiyoijua jina, mtoto akiwa mgongoni, anabeba hatari ambayo mnunuzi wake haioni.

Mdaa na vumbi la fundi seremala

Kabla ya rangi za unga, mikeka ya pwani ilikuwa na rangi. Ukindu na miyaa vilitiwa weusi kwa mdaa, mti mdogo wa vichakani ambao watu wengi wanaujua pia kwa mswaki, kwa sababu huacha midomo na wekundu wa kahawia. Rangi iliyomo kwenye mizizi yake ni ya ukoo mmoja wa kikemia na rangi ya hina. Kaniki, ile nguo inayokaribia weusi, jina lake lilijengwa juu ya nili, rangi ya buluu itokanayo na majani ya mnili.

Elimu hii haikufa kwa kuwa ilikuwa mbaya. Mwaka 1856, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata. Alipata uchafu uliotoa rangi ya zambarau, na kutoka hapo viwanda vya rangi vikazaliwa. Mwaka 1897, miaka minne tu baada ya mkonge kufika Pangani, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani. Unga uliokuwa rahisi, wa haraka na wenye rangi ile ile kila siku ukaishinda mizizi iliyohitaji kuchimbwa na kuchemshwa.

Leo anayetaka kurudi kwenye mimea hana haja ya kuanzia porini. Vingi vya kutosha hutupwa kila siku:

Maganda makavu ya vitunguu maji hutoa dhahabu iliyokolea. Mama lishe wa stendi anayatupa kwa mfuko.

Vumbi la mbao ya mfenesi hutoa njano inayoheshimika. Katika nchi za Buddha barani Asia, mavazi ya watawa yalitiwa rangi kwa mbao ya mfenesi kwa karne nyingi.

Vumbi la mninga, linalobaki kwenye karakana za samani, huelekea kwenye wekundu wa kahawia. Atakayelikusanya afunike pua na mdomo, maana vumbi la mninga hukera mapafu.

Majani ya mwembe, mabichi au makavu, hutoa njano ya haradali.

Makapi ya chai hutoa kahawia, na zaidi ya hapo ni chanzo rahisi cha tanini ya kuandalia singa.

Ipo pia mimea inayodanganya. Manjano ya kupikia huwaka vizuri na hayahitaji hata shabu, lakini jua huyala. Kikapu kikining'inizwa dukani kwa wiki chache, upande uliotazama barabara hupauka. Mzingifuri, ambao watoto wa Zanzibar hupaka mdomoni na wakulima wa Kwale nchini Kenya huuza mbegu zake kwa ajili ya kutia rangi vyakula, una tabia hiyo hiyo. Rosela nyekundu ya juisi ndiyo dhaifu kuliko yote. Mimea hii inafaa kwa kitu cha ndani kisichopigwa na jua, na muuzaji mwaminifu humwambia mteja mapema.

Hatua kwa hatua

Kazi ifuatayo ni ya kilo moja ya singa kavu. Itafutwe sufuria kuukuu isiyorudi jikoni kamwe. Ya alumini inafaa. Ya chuma hutia giza kila rangi.

Kwanza, kuosha. Singa zina nta na utelezi uliobaki wa jani. Zichemshwe kwa saa moja kwenye maji yenye sabuni ya mche iliyokunwa na magadi kidogo, kisha zisuuzwe. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa rangi ikitokea mabaka mabaka.

Pili, tanini. Makapi ya chai, kiasi cha nusu kilo yakiwa makavu, yachemshwe na kuchujwa. Singa ziingizwe kwenye maji hayo yakiwa moto na zilale humo usiku kucha. Asubuhi zikamuliwe bila kusuuzwa sana.

Tatu, shabu. Gramu 150 zisagwe, ziyeyushwe kwenye maji ya moto, ziongezwe maji hadi singa zifunikwe. Zikae humo saa kadhaa au usiku mwingine, kisha zisuuzwe kidogo.

Nne, rangi. Maganda ya vitunguu au vumbi la mbao, uzito usiopungua nusu ya singa, yalowekwe tangu jana yake, yachemshwe saa moja na kuchujwa vizuri. Singa zilizolowana ziingizwe, moto uwe mdogo kiasi cha kutoa mvuke bila kutokota sana, kwa saa moja. Moto ukizimwa, ziachwe zipoe humo humo.

Tano, zisuuzwe mpaka maji yawe meupe, zianikwe kivulini.

Anayetaka weusi au kijivu anahitaji chuma. Misumari yenye kutu ikilowekwa kwenye siki kwa wiki moja au mbili hutoa maji ya kahawia. Vijiko vichache vya maji hayo katika ndoo hugeuza singa zilizokunywa tanini kuwa kijivu, kisha nyeusi, mbele ya macho. Nchini Mali kitambaa maarufu cha bogolan hutengenezwa kwa kanuni hiyo: majani yenye tanini kwanza, kisha tope lenye chuma.

Lakini chuma kina deni lake. Kikizidi, hula uzi polepole, na kwenye nguo za kale sehemu nyeusi huwa ndiyo ya kwanza kukatika. Kwa hiyo weusi ukae kwenye mistari na maua ya ubavuni. Mikono ya kikapu, inayobeba uzito wote, isitiwe chuma.

Rangi yenye kazi nyingine

Wavuvi wa pwani hawakuchemsha nyavu na tanga za vyombo vyao kwenye magome ya mikoko kwa ajili ya urembo. Tanini ilichelewesha kuoza. Kile kinachoukinga mti dhidi ya ukungu kiliukinga na uzi.

Maabara za nguo katika nchi mbalimbali sasa zinaipima elimu hiyo kwa vyombo. Vitambaa vilivyotiwa tanini huzuia sehemu kubwa zaidi ya mionzi mikali ya jua kuliko vitambaa vyeupe vya aina ile ile, na vingine hupunguza ukuaji wa bakteria. Rangi ya manjano nayo imeonyesha uwezo huo dhidi ya bakteria ikiwa bado mpya. Kwa kaya ya Korogwe, maana yake ni ya kawaida tu: kapu la nguo linalowekwa mahali penye unyevu na mkeka wa bafuni vina sababu ya kuandaliwa kwa tanini hata kama mwenye navyo anapenda rangi nyepesi.

Kiasi ni muhimu hapa. Nguvu hizo hupungua kwa kufua, na kikapu kilichotiwa mwarobaini hakigeuki kuwa chandarua wala dawa. Anayeuza kwa maneno ya uganga atapoteza imani ya wateja kwa kasi ile ile ya rangi inayochuja.

Hesabu ya kuni

Neno asili linauza, na ndiyo maana linahitaji kuchunguzwa. Kutia rangi kwa mimea hula siku tatu pale ambapo rangi ya unga huchukua jioni moja. Hula maji mengi ya kusuuzia, na vijiji vingi vya Handeni vinajua maana ya kuamkia kisimani. Zaidi ya yote hula kuni. Kikapu kilichotiwa rangi ya mti kwa moto wa mkaa wa mti mwingine hakijauokoa msitu.

Njia za kupunguza gharama zipo. Malighafi ikilowekwa usiku kucha huhitaji moto mfupi. Sufuria moja ya rangi hutumika mara mbili au tatu, kila mara ikitoa rangi nyepesi zaidi, na msukaji hupata dhahabu, njano na krimu kwa moto mmoja. Ndoo nyeusi yenye mfuniko, ikiachwa juani siku nzima kiangazi, huyapasha maji joto la kutosha kwa hatua za tanini na shabu. Wanawake watano wakitia rangi pamoja siku moja kwa wiki hutumia kuni chache kuliko kila mmoja kwake.

Kuhusu magome, sheria ni moja: gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Lichukuliwe la tawi lililokwisha kukatwa. Mikoko ni hifadhi na kuvuna kwake kunataka kibali. Mizizi ya mdaa ichimbwe upande mmoja tu na mti uachwe na upande wa pili. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mti wa rangi hauko mbali na buyu hilo.

Maji yaliyobaki yana shabu na tanini. Yasimwagwe kisimani wala kijitoni. Yamwagwe kwenye shimo la taka, mbali na bustani ya mboga.

Kabla ya kwenda gulioni

Bei ya kikapu cha rangi ya mimea lazima iwe juu ya kile cha rangi ya unga, na mteja atauliza kwa nini. Majibu ya maneno hayatoshi. Yapo majaribio mawili yasiyohitaji maabara.

La kwanza ni la mvua. Kitambaa cheupe cha pamba kilowekwe, kikamuliwe, kisuguliwe kwa nguvu juu ya kikapu mara ishirini. Kikitoka cheupe, kikapu kinauzika. Kikitoka na rangi, singa zirudi kwenye kusuuzwa, na hatua ya shabu ichunguzwe upya.

La pili ni la jua. Kipande cha singa kifungwe kwenye kadibodi, nusu yake ifunikwe, kiachwe juu ya bati kwa wiki mbili. Kikifunuliwa, macho yatatoa hukumu. Tofauti ikiwa kubwa, rangi hiyo ni ya vitu vya ndani.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari: mmea gani, uzito gani, saa ngapi, maji ya mto au ya bomba, na kipande cha singa kibandikwe pembeni. Maji ya kisima chenye chumvi na chuma hutoa rangi tofauti na maji ya mvua, na bila daftari hakuna anayeweza kurudia rangi aliyoipata mwezi uliopita, wakati mteja wa jumla anataka vikapu kumi vinavyofanana.

Daftari hilo lina ukurasa mwingine wa kujazwa. Bibi wa Kizigua au wa Kisambaa aliyesuka mikeka ujanani anaweza kuujua mti ambao hakuna kitabu kilichouandika, kwa jina ambalo wajukuu hawalitumii. Aulizwe jina, aulizwe ni sehemu gani ya mti, aulizwe ulichimbwa majira gani. Ikiwezekana aende mwenyewe kichakani auonyeshe kwa kidole, kwa kuwa jina moja linaweza kuwa la miti miwili. Kisha kipande cha kwanza cha singa kitiwe rangi akiwa ameketi hapo, na kitambaa cheupe kilowekwe tayari.